Curling Pond Iko Mlima Kenya, Halafu Nyinyi Mnacheka

Wasee, tuanze na swali moja. Ukipanda mlima kwa njia ya Sirimon, hii iko hapa juu yetu Timau, ulale Shipton's, uamke usiku wa manane ugonge Lenana alfajiri, halafu ushukie upande wa Austrian Hut, utakuta kidimbwi kimoja cha maji baridi karibu na barafu ya Lewis. Kiko mita zaidi ya 4,700 juu ya bahari. Kwenye ramani kina jina. Kinaitwa Curling Pond.

Swali: kwa nini?

Nimeuliza watu kumi na mmoja, wengine hapa Timau, wengine Nanyuki. Wapagazi, dereva wa matatu, mwalimu mmoja, mama wa kibanda cha chai. Mmoja aliniambia ni jina la Mzungu, Bwana Kalin. Mwingine akasema ni kwa sababu maji yanajikunja ukipiga upepo. Msee wa kinyozi ndiye aliniua kabisa. Alisema labda Wazungu waliona majani ya kando yake yamejikunja kama kalikiti, ile staili ya nywele ya wazazi wetu. Watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyesema: ni jina la mchezo.

Ni jina la mchezo, buda. Ule ule mnaoucheka kila Olimpiki ya baridi ikifika. Wale watu wanasukuma jiwe kwa barafu halafu wenzao wanakimbia mbele wakifagia kama mama mkwe anakuja. Wao huandika curling. Mimi nitaandika kalingi, mnisamehe.

Sasa kabla hamjaanza komenti, nakiri. Mimi pia nilicheka. Msimu wa Olimpiki nilitoa video ya sekunde 58, nimeshika fagio la nyanya, nikisema Wakenya tukipewa viza tutachukua dhahabu kwa sababu kufagia tumefagia tangu darasa la kwanza. Ilitembea vizuri kuliko video zangu zote. Lakini mwisho nilikuwa nimebandika "historia fupi", nikasema chama cha kalingi cha Uskoti kilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1838. Nilikuwa nimeitoa kwa ukurasa mmoja, ukurasa ambao ulikuwa umeitoa kwa mwingine.

Mtu mmoja akaniandikia kwa upole: ndugu, si kweli. Kilianzishwa 1838 mjini Edinburgh kikiitwa Grand Caledonian Curling Club. Malkia hakuwa hapo. Alionyeshwa mchezo mwaka 1842 akiwa mgeni kwenye kasri la Scone, na hakukuwa na barafu, kwa hivyo wakasukuma mawe juu ya sakafu ya ukumbi wa dansi iliyong'arishwa. Mwaka uliofuata, 1843, ndio chama kikapewa ruhusa ya kujiita cha kifalme.

Nilikaa na hiyo komenti usiku mzima. Si eti aibu ya kukosea. Watu zaidi ya elfu kumi walikuwa wametazama uongo wangu na mtu mmoja tu ndiye alijua. Ile siku nikaacha kutafuta vichekesho, nikaanza kutafuta ukweli. Bando langu la wiki liliisha kwa siku mbili. Na nilichokipata kimenikasirisha, ndiyo maana naandika badala ya kupiga video. Hasira haitoshei kwa sekunde 58.

Kilichonikasirisha ni hiki. Mwezi wa Februari mwaka 1541, karibu na abasia ya Paisley, Uskoti, mtawa mmoja anaitwa John Sclater alienda kwa barafu akarusha jiwe mara tatu. Alikuwa anamchokoza jamaa anaitwa Gavin Hamilton, kumwambia niko tayari, shindano liko. Tunajuaje? Kwa sababu kulikuwa na mthibitishaji wa hati, John McQuhin, na huyo akaiandika kwa Kilatini kwenye kitabu chake cha kazi. Katikati ya mambo ya mashamba na madeni, akaandika kwamba mtu fulani amerusha jiwe kwa barafu.

Fikiria hiyo. Ni kama wakili hapa Nanyuki, katikati ya hati za mashamba, aandike kwamba Kim wa stendi amemwambia Mwas wapatane Jumamosi wacheze bano. Tungemcheka. Tungesema hana kazi. Lakini karibu miaka 500 baadaye, kijana aliyeacha chuo, amekaa Timau na blanketi mabegani, anajua jina la mtawa aliyerusha lile jiwe. Na hajui babu wa babu yake alicheza nini.

Kuna pia jiwe limehifadhiwa huko kwao, limechongwa mwaka 1511. Kila ukurasa unasema ndilo la zamani zaidi duniani. Nimejifunza kusoma hiyo polepole. Jiwe lenye tarehe si lazima liwe jiwe la tarehe hiyo, kwa sababu patasi inaweza kuja baadaye. Kitabu cha mthibitishaji ni kitu kingine, kina kurasa kabla na kurasa baada. Hii tofauti sikufundishwa chuoni. Huko nilifundishwa kwamba insha yenye marejeo kumi inapita insha yenye marejeo matano, hata kama hakuna mtu amefungua lolote kati ya hayo kumi. Jina la chuo naliacha. Karo ilinitoa, sitasema uongo kwamba niliondoka kwa falsafa. Lakini kazi ya kikundi tuliyopata alama nzuri kuliko zote ilikuwa ya kunakili, na mwalimu aliisifu mbele ya darasa.

Halafu mnaniambia kwa komenti: "Wewe dropout, utafiti waachie wasomi." Sawa. Wasomi wako wapi? Kidimbwi kiko juu ya vichwa vyetu, kimekaa kwa ramani miaka na miaka, na hakuna mtu mtaani anajua kinaitwa hivyo kwa nini. Kama utafiti ni wa wenye gauni na kofia, basi waje Timau. Nitawapikia waru.

Turudi kwa mchezo, kwa sababu najua wengi mnacheka bila kujua mnacheka nini. Kalingi haikuanza na mashine na viatu vya kuteleza. Ilianza na watu maskini wa mashambani, majira ambayo ardhi imeganda, hakuna kulima, hakuna kazi. Waliokota mawe mtoni, wakayachimba vishimo vya kushikia vidole, wakayarusha kwenye mabwawa yaliyoganda. Mkono wa kushikia ulikuja baadaye. Leo jiwe moja ni karibu kilo 20, chini kidogo ya nusu ya gunia la waru la kilo 50, na mawe ya Olimpiki yanatoka kwa itale ya kisiwa kimoja kidogo hakina watu, Ailsa Craig. Timu ina watu wanne, mawe manane kila raundi, shabaha ni kukaribia katikati ya duara.

Na kule kufagia si usafi. Kunapasha barafu joto kidogo, jiwe linaenda mbali zaidi na linapinda kidogo kuliko ambavyo lingepinda. Hapo kwa kupinda kuna maajabu. Chukua glasi, ipindue, izungushe huku ukiisukuma kwenye meza laini. Ukiizungusha kulia, inapindia kushoto. Jiwe la kalingi ukilizungusha kulia linapindia kulia. Wanafizikia wamebishana juu ya sababu kwa miaka mingi na bado wanabishana. Mchezo mnaouita wa kufagia umewasumbua watu wenye PhD.

Sasa hoja yangu kubwa, na hapa ndipo najua nitapoteza wafuasi. Waskoti hawakuwa peke yao kwa barafu. Mwaka 1565 mchoraji Pieter Bruegel wa huko Flanders alichora picha ya wawindaji kwa theluji, na pale chini, kwenye mabwawa, kuna watu wanacheza mchezo unaofanana sana. Kwa hivyo mbona dunia nzima inasema kalingi ni ya Uskoti? Kwa sababu Waskoti waliandika. Waliandika sheria, wakaunda chama, wakachapisha vitabu vya kila mwaka vya nani alicheza na nani na nani alishinda. Mwaka 1924 mchezo ukaingia Olimpiki ya Chamonix na Waskoti wakashinda dhahabu kwa jina la Uingereza. Baadaye watu wakaanza kubishana kama ile ilikuwa Olimpiki rasmi ama maonyesho tu. Wakafukua karatasi, na mwaka 2006 kamati ya Olimpiki ikakubali: ilikuwa rasmi. Miaka 82 baadaye! Wachezaji wote walikuwa wamekufa, lakini karatasi ilikuwa hai.

Sisi tuko na nini? Nitajieni sheria za kati zilizoandikwa mahali. Kati, ule mchezo wa mpira wa karatasi za nailoni na kamba, mnaurushiwa mkiwa katikati. Kila mtoto wa Mlima Kenya ameucheza. Sheria za Timau si za Naro Moru, na za Naro Moru si za Karatina. Nani ameziandika? Blada je? Bano? Giuthi, bao la Wakikuyu, ambalo guka wangu analicheza kwa vishimo vya udongo nyuma ya zizi? Ukitaka maandishi ya zamani juu ya hilo utapelekwa kwa vitabu vya Wazungu waliopita hapa na daftari. Hata mbio, hii mali yetu ambayo tunajigamba nayo, ingia duka la vitabu uhesabu waandishi ni akina nani. Catherine Ndereba ni wa Nyeri, alikimbia maratoni ya Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47, rekodi ya dunia. Simama soko la Karatina uwaulize vijana ule muda. Mimi nilijaribu, na wengi walinipa jina la mchezaji wa Arsenal.

Mtaniambia, "Lakini sisi ni watu wa masimulizi, si wa karatasi." Hiyo ndiyo komenti inaniudhi kuliko matusi. Masimulizi ni kazi. Yanataka mtu wa kusimulia na mtu wa kusikiliza. Sisi tumeacha kusikiliza halafu tunajificha nyuma ya neno masimulizi. Hatuna karatasi na hatuna masikio pia.

Mtaniambia tena, "Barafu si yetu, mtu mweusi na barafu wapi na wapi." Manze, tazama dirishani siku haina mawingu! Tumezaliwa tukiiona. Mwaka 1998 Nagano, Olimpiki ile ile ambayo kalingi ilirudishwa kama mchezo wa medali, Mkenya Philip Boit alikimbia kilomita 10 kwa skii akamaliza wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Nairobi uwanja wa barafu ulifunguliwa 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Vijana walianza hoki pale watu wakiwacheka, na mwaka 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Nigeria, haina hata mlima wa barafu, ilijiunga na shirikisho la kalingi mwaka 2018, ya kwanza Afrika. Sisi tulifuata nyuma. Sisi wenye Curling Pond!

Na barafu yenyewe inaenda. Mwisho wa karne ya 19 mlima huu ulikuwa na barafu 18. Lewis imepimwa tangu miaka ya 1930, ni kati ya barafu za tropiki zilizochunguzwa zaidi duniani, na imepoteza karibu yote. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya mlima wetu na ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha kufikia 2050. Wengine wanasema mapema zaidi. Angalia pia majina yake: Lewis, Tyndall, Darwin, Gregory. Cesar na Joseph ni waongozaji waliotoka Ulaya na Mackinder mwaka 1899. Yaani mpagazi wa Kizungu ana barafu yake kwa ramani. Wa kwetu waliobeba mizigo hadi pale hawana.

Hapa ndipo natoka kwa kelele naingia nyumbani. Guka wangu alikuwa mpagazi, miaka ya sabini. Nilijua, kama vile unajua mtu wa kwenu aliwahi kufanya kazi mahali. Basi. Baada ya hii mambo yote nikamwendea jioni, nikamwonyesha video ya kalingi kwa simu. Alitazama hadi mwisho bila kucheka. Halafu akaniambia kwamba enzi zake, kutoka Austrian Hut kwenda chini ya Nelion ulikuwa unatembea juu ya barafu, Wazungu wana viatu vya meno, yeye ana gambuti amezifunga kamba zisiteleze. Leo vijana wanapita hapo hapo kwa changarawe. Na kile kidimbwi, akasema, asubuhi kilikuwa kinashika hadi unaweza kukikanyaga.

Nikamuuliza, "Guka, mbona hujawahi kuniambia?"

Akasema, "Si hukuuliza. Wewe huwa unaniuliza tu kama nimebakisha bando."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Nilikuwa nimetumia siku mbili kumtafuta mtawa wa 1541 na nilikuwa sijatumia dakika ishirini kwa mtu niliyekula naye uji asubuhi. Sitaki mseme kwamba nachukia kumtafuta yule mtawa. La. Yeye ndiye alinipeleka kwa guka. Ukijua Waskoti walifanya nini na mawe yao, huwezi tena kuketi na mzee wako ukijifanya hakuna la kuandika.

Kwa hivyo acheni kunitumia meme za fagio. Nimeifuta ile video, nimebandika marekebisho na miaka yake sahihi, 1838, 1842, 1843, na nimemshukuru aliyenisahihisha. Sasa nawapa kazi, wote mnaosema mnapenda utamaduni siku ya Mashujaa na kuusahau kesho yake.

Tafuta mtu mmoja wa zaidi ya miaka sitini. Muulize alicheza nini akiwa mtoto, mlihesabuje alama, na mkikosana nani alikuwa anaamua. Hilo la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu sheria za mchezo hujificha kwa ugomvi. Andika jina la mahali na mwaka, hata wa kukadiria. Andika maneno yake kwa lugha yake kabla ya kutafsiri. Wawili wakipingana, andika wote wawili, usichague. Halafu usiweke kwa stori zinazofutika baada ya saa 24. Weka mahali panapokaa, na uchapishe nakala moja ya karatasi, upeleke kwa maktaba ya shule iliyo karibu. Shilingi ishirini kwa saiba.

Na nyinyi mnaopeleka wageni mlimani: ukifika pale kwa kidimbwi, usiseme tu "picha, picha, twende." Sema ni jina la mchezo wa mawe na barafu, wa Waskoti, watu wale wale ambao misheni yao ilifika Tumutumu na Chogoria. Halafu sema jina la mpagazi mmoja unayemjua wewe. Babako, mjomba, jirani. Mgeni atalibeba hadi kwao, na huenda siku moja likaandikwa.

Mimi Jumamosi narudi kwa guka. Amesema atanionyesha giuthi kuanzia mwanzo, na nimemwahidi sitapiga video hadi anishinde mara tatu. Ameniambia nije na betri imejaa, na daftari, kwa sababu simu haiaminiki.